Mtoto wa Majengo atafutapo kazi ya pili

Mwezi wa Mei 2024, serikali ya kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mabarazani kwetu mjadala ulikuwa wa pande mbili tu. Huku walikuwa wazazi wa Pwani wenye vijana walioharibika. Kule walikuwa wakulima wa Mbeere, kaunti ya Embu, wenye karo ya kulipa. Magavana wakajibizana, Rais akasema zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi na kaunti haiwezi kulifuta, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku, na kila mtu akarudi barazani kwake akiwa na hasira zile zile.

Kuna watu wa tatu ambao hawakutajwa. Hawa ni wale wanaosimama kati ya mkulima na muuzaji, na wengi wao wamesimama hapo tangu kuzaliwa. Mtu kama huyu amekulia Majengo ya Embu au Majengo ya Meru. Kwa baba anaitwa Mswahili, kwa mama anaitwa mjukuu wa fulani wa ukoo fulani. Alfajiri anapatana bei na mkulima kwa Kiembu au Kimeru, jioni anazungumza na mnunuzi wa Kongowea kwa Kiswahili ambacho hakitofautiani sana na chetu. Marufuku ikitoka, mkulima hubaki na shamba na muuzaji hubaki na kibanda chake, anaweza kuuza njugu au maji. Wa katikati hubaki na simu yenye majina ya watu.

Sitetei muguka. Anayetaka kujua madhara yake aende vituo vya kurekebishia vijana, atayaona. Ninachotaka kueleza ni jambo jingine, nalo linatuhusu sisi zaidi kuliko tunavyodhani, maana hawa ni jamaa zetu: mtu aliyekulia baina ya mila mbili huko Mlimani, akifika umri wa miaka 38 au 40 na kazi yake ikavunjika, ana nini mkononi, na ni mlango gani ulio wazi kwake.

Tuanze na Majengo yenyewe, kwa sababu msomaji wa Mombasa akisikia neno hilo hufikiria la kwake. Majengo yapo Nairobi kule Pumwani, yapo Nyeri, yapo Nanyuki, na yapo Embu na Meru. Waingereza waliishambulia Embu mwaka 1906 na kujenga boma lao hapo. Mwaka 1908 wakafungua kituo Meru, chini ya ofisa aliyeitwa Edward Horne. Boma halijengwi na ofisa mmoja. Nyuma yake walikuja askari, wapagazi, wapishi, wakalimani, washonaji na wachuuzi, na wengi wao walikuwa Waislamu: watu wa Pwani, Wasudani, Wakamba waliosilimu safarini. Hawakurudi wote. Wakaoa binti za wenyeji, wakajenga nyumba za vyumba vinavyotazamana kama za kwetu, wakajenga msikiti na chuo cha Kurani, na watoto wao wakakua wakijibu salamu mbili. Ukiingia Majengo ya Meru asubuhi utasikia “Salaam alaikum” mlango huu na “Muuga” mlango wa pili, na pengine mtu mmoja atazitoa zote mbili kabla hajafika dukani.

Hata kabla ya boma pana simulizi kongwe. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni mahali panapoitwa Mbwaa, kisiwa kilichokuwa chini ya watu wa nguo nyekundu waliowatesa. Wakatoroka wakiongozwa na Koomenjwe, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakawa kundi la weusi, waliovuka alfajiri wakawa wekundu, waliovuka kumepambazuka wakawa weupe, na koo za Kimeru hugawanywa hivyo mpaka leo. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, pale Lamu. Wapo wasomi wasiokubali. Ila mtu wa Pwani asije akasema Mmeru ni mgeni wa bahari. Kwa simulizi yake mwenyewe, yeye ndiye aliyeondoka.

Dini ya Kikristo nayo, kwa sehemu, ilipanda kutoka huku. Wamethodisti waliokuwa na kituo Ribe tangu 1862 ndio waliofika Meru mwaka 1912 na kujenga Kaaga. Kanisa hilo lilipojitegemea mwaka 1967, kiongozi wake wa kwanza alikuwa Mchungaji Ronald Mng'ong'o wa Pwani, na mwaka 1970 akafuata Lawi Imathiu wa Meru, ambaye miaka hiyo hiyo ya 1970 alikuwa pia mbunge wa kuteuliwa. Njia ya Mombasa na Meru imepitwa na watu wengi, si wapagazi peke yao.

Sasa, kukua baina ya mila mbili si suala la chakula na mavazi, ingawa hayo ndiyo yanayopigwa picha. Jambo linalouma zaidi, na ambalo watu wa Majengo hulisema kwa sauti ya chini, ni jando.

Kwetu mtoto wa kiume hutahiriwa mapema, pengine akiwa mchanga, pengine kabla hajaingia shule. Kwa Wameru na Waembu ni tofauti. Mvulana hutahiriwa akishavuka utoto, siku hizi mara nyingi baada ya kumaliza shule ya msingi, mwezi wa Novemba au Desemba. Hukaa ndani siku kadhaa akifundishwa, na akitoka hatazamwi tena kama mtoto. Kwa Kimeru sasa ni muthaka. Wale waliotahiriwa pamoja naye ni rika lake maisha yote. Tuseme mtoto wa Majengo ametahiriwa akiwa na miaka mitatu. Binamu zake wa upande wa mama wanapoingia jandoni, yeye yuko nyumbani anatazama televisheni. Wakitoka, wao wana rika, yeye hana. Hakosi utu wala dini. Anakosa watu ishirini watakaopokea simu yake akiwa na miaka arobaini.

Mtu wa Pwani anaweza kucheka akasema hayo ni mambo ya ushamba. Na atafakari kwanza kazi hupatikana vipi nchini humu. Tangazo la gazeti ni la kutimiza sheria. Habari ya kwamba bwana fulani anatafuta dereva, kwamba kiwanda cha majani chai kinahitaji fundi wa umeme, kwamba shamba la makadamia linauzwa kwa bei ya dharura, hupita kwanza kwa watu wa rika na ukoo. Kwetu hupita msikitini, harusini na katika ujirani wa mtaa. Mtoto wa Majengo ana ya msikitini, na msikiti wake ni wa watu wachache wenye shida zile zile. Wapo wazazi walioliona hili wakachelewesha tohara ya mwanao mpaka aingie na binamu zake, kisha wakaambiwa maneno na jamaa wa upande wa baba. Siwalaumu. Walikuwa wanamwekea mtoto akiba ambayo haiwekwi benki.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kubadili kazi ukubwani ni suala la mtaji kabla halijawa suala la ujuzi.

Mlimani ardhi ilikuwa ya ukoo. Kuanzia mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilianza kuyakusanya mashamba na kuyaandikisha kwa majina ya watu. Aliyekuwa na ukoo wa kumsemea alipata namba ya shamba. Aliyekuwa akiishi Majengo hakuwa na ukoo wa baba hapo. Alikuwa na nyumba mjini. Na Majengo mengi ya Kenya yalipimwa juu ya ardhi ya serikali au ya manispaa, mkaaji akapewa ruhusa ya kukaa, si hati ya kumiliki. Sisi wa Pwani, wenye nyumba juu ya ardhi ya mwingine tangu babu zetu, hatuhitaji kuelezwa maana yake. Benki haikopeshi juu ya ruhusa ya kukaa.

Lakini mtoto huyu ana mama, na mama ana baba. Hapa ndipo wengi hupoteza haki kwa kutojua. Desturi ya zamani ilisema binti haridhi shamba, kwa kuwa ataolewa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haisemi hivyo. Mtu asiye Mwislamu akifariki bila wasia, na mke wake ameshatangulia, mali yake hugawanywa sawa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Mmoja wao akiwa alikufa kabla ya baba yake na ameacha watoto, fungu lake huwafikia hao watoto. Kwa hiyo mtoto wa Majengo ambaye mama yake amefariki anaweza kusimama mbele ya mahakama ya Embu au Meru akadai fungu la mama katika shamba la babu. Babu akiwa alifariki kabla ya 1981, hesabu ni nyingine, kwa kuwa kinachofuatwa ni sheria iliyokuwepo siku aliyokufa, yaani desturi.

Wasomaji wetu watauliza: je, Mwislamu anamrithi asiye Mwislamu? Mahakama ya kawaida haitamzuia. Mashekhe wengi watasema la, na hilo ni la yeye na dini yake; aulize kwa wajuzi. Njia ambayo haina mzozo huu ni hiba. Babu akiwa hai na akili zake timamu, ampe binti au mjukuu kipande chake, waende pamoja mbele ya bodi ya kusimamia ardhi ya kilimo wapate idhini, kisha hati ibadilishwe jina. Nasisitiza hati. Mzee akionyesha kwa fimbo, “kuanzia mwembe ule,” wajomba watakubali siku hiyo na kukana siku ya mazishi. Nusu ekari yenye hati si utajiri, lakini inaweza kumlipia mtu mwaka wa chuo au mashine ya kuchomelea vyuma.

Bila rika na bila shamba, watu wa Majengo waliishi kwa kazi za mkono na za mdomo. Kushona. Hoteli ndogo za chapati na maharagwe. Udereva na uutingo. Bucha, kwa kuwa katika vichinjio vingi vya Kenya anayeshika kisu ni Mwislamu ili nyama iliwe na kila mtu, kwa hiyo hata mji wenye Waislamu wachache humhitaji mmoja kila alfajiri. Na juu ya zote, kazi ya katikati: udalali, ukalimani, kupeleka mzigo na kuleta pesa.

Miraa ndiyo iliyoikuza kazi hiyo. Miraa ya milima ya Nyambene, ya Igembe na Tigania, ni vijiti vinavyotoka kwenye miti ambayo mingine imerithiwa vizazi kadhaa. Muguka wa Mbeere ni mmea wa jamii moja na huo, ila hutafunwa majani machanga, na bei yake ni ya chini, ndiyo maana umefika mikononi mwa watoto wetu. Vyote viwili vina adui mmoja, nao ni saa. Miraa ikikaa siku mbili tatu inakuwa kuni. Inafungwa kwa majani ya mgomba, inapakiwa Maua au Laare, inateremka kwa gari la kasi ambalo kila anayetumia barabara ya Embu na Meru analijua na kulikimbia. Biashara ya namna hii haina muda wa mikataba. Mzigo unaondoka kwa neno, pesa inarudi kwa neno. Kwa hiyo anayehitajika ni mtu anayeaminika pande zote, anayejua jina la mama wa mkulima na jina la mtoto wa muuzaji, anayejua Mombasa wakati wa Ramadhani watu hutafuna saa ngapi. Mtoto wa mila mbili alizaliwa na ujuzi huo. Shule haiufundishi.

Ubaya ni kwamba serikali zikigombana, kinachokatika kwanza ni kamba ya katikati. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, na soko la ndege za kila siku likafungwa. Machi 2020 Somalia ikazuia mizigo, kwanza kwa sababu ya korona, halafu siasa zikaingia, na haikufunguliwa mpaka Julai 2022. Kisha ikaja Mei 2024 ya kwetu. Ndani ya miaka kumi na miwili hivi, mtu wa katikati ameangushwa mara nne na watu ambao hawamjui, kila mara akiwa na umri mkubwa zaidi na watoto wakubwa zaidi. Mkulima wa Meru alikuwa na la kufanya: wengi wamepanda makadamia na parachichi kando ya miraa. Dalali hapandi kitu.

Kwa hiyo anataka kubadili kazi. Na hapa anakutana na mstari ambao hakuujua: miaka 35. Katiba yetu inamwita kijana mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35. Mfuko wa vijana, sehemu ya zabuni za serikali iliyotengewa vijana, mafunzo ya bure yanayotangazwa redioni, yote yamejengwa juu ya mstari huo. Mpango mpya wa NYOTA umeushusha zaidi, unalenga walio na miaka 18 mpaka 29, isipokuwa kwa walemavu. Mwanamke aliyevuka 35 bado ana Mfuko wa Wanawake, na zabuni zilizotengwa zinamhesabu. Mwanamume wa miaka 38 aliyepoteza kazi amebaki na Mfuko wa Hasla, unaoanza na shilingi 500. Nadhani hili ni kosa la sera. Nchi inamsaidia anayeanza, na inamsahau anayeanza tena, ilhali huyu wa pili ndiye mwenye watoto watatu shuleni.

Bado ipo milango. Wa kwanza ni kuugeuza ujuzi alio nao kuwa karatasi. Watu wengi wa Majengo wanajua ufundi waliojifunza pembeni: amekuwa utingo miaka sita, anajua injini, amemsaidia ami yake kufunga nyaya za umeme, bibi mwingine amepika hoteli miaka ishirini. Wakienda kuomba kazi wanaulizwa cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inafanya mitihani ya ufundi ya serikali ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na anayetahiniwa hupimwa kwa kazi ya mikono mbele ya mkaguzi. Hakuna anayeuliza umejifunza wapi injini ile; wanataka kuona ukiifungua na kuirudisha. Cheti cha gredi ya tatu hakitamfanya mtu kuwa mhandisi. Kitamwezesha kuandikwa kama fundi badala ya kibarua, na tofauti ya malipo ya siku inaijua kila familia.

Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 2014 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, imefungua njia ya kutambua mafunzo ambayo mtu ameyapata nje ya darasa. Mtu huleta ushahidi wa kazi aliyofanya, anatahiniwa, anapewa sifa kwa kiwango alichofikia, na kuanzia hapo anaweza kuendelea na chuo kama vile Meru National Polytechnic bila kurudishwa mwanzo. Ushahidi ndio unaowasumbua watu wetu. Dalali aliyefanya biashara kwa neno miaka kumi na tano hana risiti hata moja. Ushauri wangu kwa aliye kazini leo ni mwepesi: piga picha kazi zako, weka kumbukumbu za malipo ya simu, mwombe mteja aandike barua mstari miwili akutaje jina. Si kwa ajili ya leo.

Mlango wa pili ni ndimi. Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Mahakama za Embu, Meru na Isiolo zinaona kila wiki watu wanaozungumza Kimeru, Kiembu, Kimbeere, Kiborana, Kisomali na Kiswahili. Redio nazo zimekuwa nyingi. Muuga FM hutangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, na kampuni hiyo hiyo ina Bahari FM huku Pwani. Mtu anayeweza kusoma tangazo kwa Kiembu na kulitafsiri kwa Kiswahili kisichokwaruza masikio ya Mvita ni adimu. Walakini nafasi zenyewe ni chache, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kila dalali atakuwa mtangazaji. Wala Kiswahili si mali ya Majengo peke yake huko Mlimani: Kithaka wa Mberia, aliyetunga tamthilia ya Kifo Kisimani iliyosomwa sekondari nchi nzima, ni mtu wa Tharaka. Anayeingia kwenye ushindani wa lugha asidhani ataupata kwa sababu ya kanzu.

Mlango wa tatu ndio usiojulikana kabisa, na ndio ninaoona una uzito kuliko wote. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inazitaka bodi za utumishi za kaunti, zikiajiri, zizingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Meru jamii kubwa ni Wameru. Embu ni Waembu na ndugu zao Wambeere. Mswahili wa Majengo, aliyezaliwa hapo, baba yake kazaliwa hapo, yumo ndani ya hiyo asilimia 30. Vivyo hivyo Mmeru aliyezaliwa Mombasa anayeomba kazi kwenye kaunti yetu. Na maneno “ngazi ya kuingilia” ni muhimu kwa mtu wa miaka 38, maana ndiko atakakoanzia: karani wa soko, mkaguzi wa vichinjio, dereva wa gari la wagonjwa, mtunza bohari. Anayeona kaunti inakiuka anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Hapa ndipo mila mbili zinageuka kuwa hesabu ngumu. Fomu ya maombi ina nafasi moja ya kabila. Akiandika Mmeru, anaingia kwenye foleni ndefu ya wenyeji, na pengine mmoja wa wajumbe atauliza ni wa ukoo gani na wa rika lipi, naye hana jibu la pili. Akiandika Mswahili, anaingia kwenye foleni fupi, lakini amejitangaza mgeni katika mji aliozaliwa, na habari hiyo ikiwafikia wajomba wakati wa kugawa shamba la babu, itatumiwa: “Si umesema mwenyewe wewe si wa hapa?” Nimesikia watu wakisema aandike ile inayolipa. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye jina lake halijawahi kuulizwa.

Kisheria, maandishi ya fomu ya kazi hayamwondolei mtu haki ya urithi, kwa kuwa urithi unatokana na kuwa mtoto, si kabila. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama lililoandikwa sawasawa, pamoja na kitambulisho cha mama au cheti chake cha kifo, vina nguvu mahakamani kuliko neno la ukoo. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtu anayetaka kazi ya pili, kabla ya NITA na kabla ya bodi, ni kwenda kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo na kuhakikisha majina yanalingana. Watoto wengi wa Majengo wana jina la Kiislamu kwenye cheti, jina la babu wa Kimeru shuleni, na jina la tatu kwenye kitambulisho. Kuyalinganisha huhitaji kiapo mbele ya wakili au hakimu, na huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Anayefikiria kubadili kazi mwakani aanze na hilo mwaka huu, wakati mama angali hai wa kuulizwa.